Aliyemfuta Bibi Yake kwenye Kompyuta

Habari ya msiba ilinikuta sokoni Mwigobero, nikibishana na mama mmoja juu ya dagaa wenye mchanga. Simu ikaita, nikasikia sauti ya mama mwenye nyumba alimopanga marehemu: "Mwandishi, yule mtu wako wa kompyuta ametutoka asubuhi hii." Hapa Musoma nawajua watu wa kompyuta watatu. Mmoja anafufua simu zilizotumbukia ziwani, mwingine anachapa barua za kuomba kazi kwa makosa yale yale tangu nimfahamu, na wa tatu ndiye huyu. Nikauliza ni yupi. Mwenye nyumba akaangua kilio, nikajua. Aliugua siku nne tu, na hamsini alikuwa hajaifikia. Wasomaji wangu mnanifahamu, kwa hiyo sitajipamba: kwanza nilimaliza kununua dagaa wangu, na kwa bei niliyoitaka, ndipo nikaenda kukaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikalia mbele za watu. Hatukuwa marafiki. Yeye alisema mimi nina maneno mengi, na mimi nilisema yeye anacheka kwa kubana, utadhani kicheko kinakatwa kodi. Tulikuwa watu wa kufahamiana, basi, wa kunywa chai pamoja mara moja kwa wiki na kukosana mara mbili.

Kazi yake ilikuwa na jina refu, na kila alipolitaja watu walianza kuzungumzia mvua. Alikuwa mtaalamu wa baiolojia ya kompyuta katika maabara ya utafiti wa jenomu. Kwa lugha yetu sisi tuliofeli hesabu, wengine walichoma watu sindano, wengine waliingiza damu kwenye mashine, na mashine ilitema herufi zisizo na mwisho, zile ambazo mtu hurithi kwa wazazi wake. Herufi hizo zilimfikia yeye, naye akaandika programu za kuzilinganisha: za mtoto na za mama yake, za mgonjwa na za mzima. Maabara ilikuwa kwenye jiji la mbali. Yeye alikuwa katika chumba cha kupanga hapa mjini, pangaboi juu, pazia limefungwa, shati la kola kwa ajili ya vikao vya mtandaoni na kaptula kwa ajili ya joto. Majirani walimwita daktari asiyejua kuchoma sindano. Mmoja wao alimletea mbuzi anayekohoa. Akamtazama yule mbuzi kwa huruma, akasema, "Mama, mbuzi mzima mzima ananichanganya. Mimi nimezoea herufi zake." Mama akaondoka na mbuzi wake, na sifa za msomi yule zikaenea mtaa mzima kabla ya saa sita mchana.

Tulifahamiana kwa ugomvi. Niliwahi kuandika katika safu hii juu ya watafiti wanaokuja vijijini kuchota damu na kutokomea, nikawaita wanyonya damu wenye digrii. Siku mbili baadaye akanifuata mgahawani nikiwa na supu mbele yangu, akaliweka gazeti mezani. Alikuwa ameisahihisha safu yangu kwa kalamu nyekundu, makosa manne ya ukweli na mawili ya Kiswahili. Yale ya Kiswahili yaliniuma zaidi. Nikamwambia akae, na nikamuuliza hiyo kazi yake hasa ni ipi. Akanijibu kwamba watu hudhani anagundua mambo, kumbe sehemu kubwa ya siku anapembua, kama akina mama wa Mwigobero wanavyopembua dagaa: hili changarawe, tupa, hili gamba la konokono, tupa, huyu dagaa, acha. Vichupa vya damu huchanganyika, namba huandikwa vibaya, mashine husoma vibaya. Asipotupa kibovu, alisema, majibu yote yanakuwa uongo. Nilimwona mtu mwenye majivuno kidogo, lakini mwenye haki ya kuwa nayo.

Miaka michache iliyopita maabara yake ilianza utafiti wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, katika familia za huku kwetu, Butiama, Bunda, hadi kule Kisorya kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Familia ilifika zahanati, ikakuta kiti cha baba, kiti cha mama na benchi la watoto. Nesi alichukua damu kwa kila mmoja, akabandika namba bila jina, na familia ikaahidiwa kwamba mtoto akionekana na ugonjwa, nyumbani kwao watapigiwa simu ili aanze kliniki. Namba zikaenda jijini, na kutoka jijini zikaja kwenye kile chumba chenye pazia. Kabla ya kutafuta ugonjwa, programu yake ilikagua kwanza kama kila kichupa ni cha mtu anayedaiwa kuwa ndiye. Damu ya baba ikisomeka kuwa ya mwanamke, maana yake vichupa vimebadilishana, na kwa kuwa hujui vingapi vimebadilishana, unaitupa familia yote. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Aliuandika msemo huo mle mle ndani ya programu, kwa Kiswahili, juu ya mstari wa kutupa, kwa kujifurahisha tu. Nilipomwambia baadaye kwamba akina mama wa Mwigobero humtoa aliyeoza na kuwauza waliobaki, hakucheka hata kwa kubana. Programu ilifanya kazi yake, familia kadhaa zikaondolewa, ripoti ikafungwa, na watu wakapongezana kwa barua pepe.

Mwaka uliofuata akaenda kwao Butiama kwa mapumziko. Kwao ni kwa bibi mmoja mwenye ng'ombe wengi na uvumilivu haba, na hapa niwaeleze wasomaji wasio wa Mara. Huku kwetu mwanamke asiyepata mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke mwenzake. Anatoa ng'ombe, anamleta mke nyumbani, na watoto watakaozaliwa ni wa mji wake, yaani boma lake, na wanarithi kwake. Mwanamume aliyechangia haulizwi na hatajwi. Ndoa hiyo inaitwa nyumba ntobhu, na msomi wetu alizaliwa humo. Mama yake aliolewa na bibi yule. Jina la baba alilolijaza kwenye kila fomu tangu darasa la kwanza lilikuwa la mtoto wa kiume ambaye bibi alitamani kumzaa na hakumzaa. Isitoshe, bibi alioa tena uzeeni, umri ambao wenzake walikuwa wameshaanza kuchagua nyimbo za mazishi yao. Mke huyo wa pili alikuwa na watoto, na mmoja wao ni binti ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa. Yeye alimwita msomi wetu kaka.

Mazungumzo yaliyofuata alinisimulia mara nyingi, kila mara akiwa amesimama.

"Wewe," bibi alimwambia kabla hajakaa, "majibu yetu iko wapi? Wenzetu walipigiwaga simu zamani. Sisi kimya."

"Majibu gani, bibi?"

"Ya damu. Si tulitoaga damu pale zahanati? Mimi, huyu mke wangu na watoto."

"Wewe walikukalisha wapi?"

"Kwenye kiti ya baba."

"Kiti cha baba, bibi?"

"Nesi aliuliza baba wa huu mji nani. Nikamwambia ni mimi. Ng'ombe nilitoa mimi, mji ni yangu, watoto ni yangu. Ulitaka akae nani, yule wa kupita?"

Katika maabara ile walikuwamo watu wa kila namna, wa ng'ambo na wa hapa nchini, wenye shahada za kujaza ukuta. Kati yao wote ni mmoja tu aliyekulia katika mji ambao baba wake ni mwanamke, na huyo huyo ndiye aliyekaa akaandika mstari wa kuwatupa watu wa namna hiyo. Mzungu angesema hakujua. Yeye alijua tangu akiwa mgongoni. Nilimuuliza, bila huruma, aliwezaje kumfuta bibi yake mwenyewe. Akajibu, "Nilizoea kuzijaza fomu. Nilijaza jina la mtu asiyekuwepo hadi nikasahau kwamba hayupo." Kisha akanieleza habari za yule binti. Kila msimu wa baridi miguu ilimuuma hadi akashindwa kwenda shule, na mama yake alimkanda kwa maji ya moto, na bibi alisema ni baridi yabisi. Siku hiyo msomi alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetafuta kitu. Macho ya binti yalikuwa na umanjano. Alikuwa amesoma sana habari za umanjano ule, lakini machoni mwa mtoto wa kwao hakuwa amewahi kuutazama.

Sasa hapa ndipo mimi na yeye tungeachana njia. Mimi ningempeleka binti hospitali kimya kimya, nikamlipia vipimo, nikaandika safu ndefu ya kujisifu. Naye alimpeleka, na vipimo vilithibitisha alichokiogopa. Lakini zile familia nyingine zilikuwa namba tu, na orodha ya kuonyesha namba ipi ni mji upi ilifungiwa jijini. Ili aipate ilimpasa aseme kwa nini anaitaka. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, na mkubwa wake wa kazi alimjibu kwa upole wa kutisha kwamba ripoti imeshakwenda, kwamba sampuli mbovu zipo katika kila utafiti, na kwamba jambo hilo litazingatiwa awamu ijayo. Ningekuwa mimi, neno "litazingatiwa" lingenitosha. Nimeishi nalo maisha yangu yote katika nchi hii. Yeye alikaa siku mbili bila kutoka chumbani, kisha akaandika barua kwa kila mtu aliyehusika na utafiti, kuanzia wakubwa hadi manesi wa zahanati. Alinisomea. Ilikuwa fupi, na sentensi yake ya kwanza ilisema: "Sampuli hizi hazikuwa mbovu, mbovu ulikuwa mstari niliouandika mimi." Nikamshauri aandike "mstari ulioandikwa," ili ajiachie mlango wa kutokea. Mficha uchi hazai, akanijibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaituma barua bila kuisahihisha.

Orodha ikaja. Akaanza kuzunguka na nesi mmoja kwa pikipiki, mji kwa mji, na siku moja nilijipachika nyuma kwa udaku wangu, tukiwa watatu kama magunia ya pamba. Tulifika mji mmoja upande wa Bunda, tukapokelewa na mama mtu mzima aliyevaa kofia ya kiume. Nesi akauliza kwa adabu mwenye mji ni nani. "Ni mimi," akasema. "Mke wangu yule pale, anakoroga ugali. Muna shida gani?" Msomi akamweleza kwamba damu yao ilisomwa vibaya kwa kosa lake yeye, na kwamba sasa imesomwa upya. Mama akamtazama juu hadi chini. "Ilisomwa vibaya namna gani?" "Kompyuta ilitegemea baba ni mwanamume." Mama akacheka hadi akashika ukuta. "Na wewe ulisomaga mpaka wapi, mwanangu, usijue hiyo?" Wakati wanacheka mimi nikasogea, kalamu tayari, kuuliza watoto hawa hasa ni wa nani. Sikufika mbali. Msomi alinikanyaga mguu kwa nguvu nisizomdhania mtu wa kaptula. Njiani nikamlalamikia, nikamuuliza kama yeye mwenyewe, akiwa na herufi za nusu ya mkoa mkononi, hajawahi kumtafuta yule wa kwake, yule wa kupita. Akasema angeweza kwa mchana mmoja tu. "Hawakunipa damu yao kwa ajili hiyo," akasema, "na damu ya watu si ukurasa wako." Nilinuna hadi Musoma.

Katika miji ile iliyotupwa walipatikana watoto wengine wenye ugonjwa, wakaanza kliniki, wanameza dawa kila siku na mama zao wanajua la kufanya baridi ikiingia. Mkataba wake haukuongezwa. Sababu iliyoandikwa ilikuwa nyingine, kama kawaida ya sababu zilizoandikwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliendelea mle mle chumbani, akiwasaidia wanafunzi wa vyuo kupembua data zao na kuwatukana kwa upole. Nimefikiri sana juu ya kazi za namna yake, maana zinaongezeka. Zamani aliyekunyima kitu ulimwona uso: karani dirishani, mtendaji wa kijiji, mganga. Uliweza kumbembeleza au kumsema kwa majirani. Leo mtu asiyekufahamu, akiwa mbali, tena bila nia mbaya, anaandika mstari mmoja na mji wako unaondoka duniani huku wewe unasubiri simu. Na sipendi mtu adhani naisifia tu mila. Nilimuuliza mama mzazi wa msomi anaonaje habari hii, akanijibu huku akipura mtama: "Kompyuta haikuniuliza. Hata hao wa ng'ombe hawakuniulizaga. Nilikuwa binti mdogo." Akaendelea na mtama wake.

Tulimzika Butiama. Bibi alikaa upande wa wanaume, akiwa na fimbo yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia ahame. Wasomi wachache walikuja kutoka jijini na miwani ya jua, wakaeleza mchango wa marehemu katika sayansi kwa maneno ambayo mchungaji aliyafunga kwa "Amina" ya wasiwasi. Kisha wasifu ukasomwa na yule binti. Sasa yuko sekondari, mrefu, ndani ya sweta nene ingawa jua lilikuwa linatuunguza, maana mwili wake haupaswi kupoa. Alisoma shule alizosoma kaka yake na kazi alizofanya. Karatasi ikaisha, akabaki amesimama.

"Kuna kitu hawajaandika," akasema. "Nilikuwa na miaka tisa. Kaka alikuja akachuchumaa hapo mlangoni, akaniambia majibu yangu yalikuwepo mwaka mzima na ni yeye aliyatupa. Akaniomba msamaha. Nilikuwa sijui hata nimsamehe namna gani, nikamwambia sawa. Alikuwaga analia. Tangu nizaliwe hakuna mtu mzima mwingine ameniombaga msamaha."

Alikunja karatasi akaenda kukaa. Watu wazima tulikuwa wengi pale, na kila mmoja alipata ghafla kitu cha kutazama chini. Wasomaji wangu, nilikwenda mazishini nikiwa na somo tayari mfukoni, juu ya teknolojia na mila, na ni somo zuri tu, lakini nililiacha kulekule Butiama. Nililorudi nalo ni dogo zaidi na linauma zaidi. Kosa lake wangeweza kulifanya wengi, na barua ya kukiri kwa mabosi wangeweza kuiandika wachache. Ila kwenda kuchuchumaa mbele ya mtoto mwenyewe uliyemkosea, ambaye hana mkataba wa kukunyang'anya wala cheo cha kukupa, nani hufanya hivyo? Nikiwa njiani kurudi nilijaribu kuwakumbuka watoto niliowahi kuwaomba radhi katika maisha yangu, na nina watoto watano. Sikumkumbuka hata mmoja. Nilipofika Musoma nikampigia simu binti yangu mkubwa, ambaye nina deni lake la neno la samahani tangu akiwa kidato cha pili. Nilipoanza tu kumwomba msamaha alinikatiza kwa hofu, akaniuliza, "Baba, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, na nikamwomba anisikilize hadi mwisho. Tusiwafikishe watoto wetu mahali ambapo wakisikia samahani kutoka kwetu, wanadhani tunakufa.